Amana ya Mnyama Mpole: Kondoo, Kisu na Dhamira ya Mfugaji

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mwanadamu anayeishi na mifugo, lipo moja ambalo sheria za dini hulijibu kwa maneno machache, lakini dhamira hulirudia kila mwaka: je, ni haki kumlea mnyama mpole, kumzoesha mkono na sauti ya mwanadamu hata akawa anakuja anapoitwa, kisha kuutumia upole huohuo kumfikisha kwenye kisu? Swali hili si la nadharia tupu kusini mwa kivuko cha Likoni. Katika Timbwani, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni, nyumba zimesongamana, na anayefuga kondoo wawili watatu hawafugi nyikani mbali na macho ya watu, bali huwafuga ubavuni mwa nyumba, ambapo watoto humjua kila mmoja kwa rangi na kwa sauti yake. Mnyama aliyeishi karibu hivyo na wenyewe hachinjwi kama kitu kilichonunuliwa dukani, na anayedai kwamba hakuna swali lolote hapo huenda hajawahi kumfuga. Hoja ya makala haya ni kwamba ruhusa ya kuchinja ni amana, yaani dhamana aliyokabidhiwa mtu juu ya kitu kisichokuwa chake. Kwamba masharti ya amana hiyo huanza siku mnyama anapozaliwa, wala hayasubiri siku ya kisu. Na kwamba amana hiyo haimhusu kondoo mmoja pekee, bali na mbegu yake, yaani ukoo wa kondoo wenye sifa wanazorithishana kizazi baada ya kizazi.

Inafaa kwanza kumjua mnyama anayezungumziwa. Kondoo wa asili wa Afrika Mashariki ni kondoo wa mkia wa mafuta, ambaye huhifadhi akiba ya mwili wake mkiani na matakoni ili imvushe wakati wa ukame, na mwili wake umefunikwa kwa nywele fupi badala ya sufu. Anayejulikana zaidi Kenya ni kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye rangi ya udongo wa kahawia unaoelekea wekundu, aliyetunzwa na wafugaji wa Kajiado, Narok na kaskazini mwa Tanzania kwa ajili ya nyama na mafuta, hasa mafuta anayopewa mwanamke aliyejifungua ili arudishe nguvu. Kondoo wa sufu, kama Merino na Corriedale, ni wageni waliozoea baridi, nao hupatikana nyanda za juu, pande za Nyandarua, Molo na Timau. Pwani, joto na unyevu huyageuza manyoya mazito kuwa mateso, na ndiyo sababu mfugaji wa Timbwani hupata kwa kondoo wake nyama, mafuta, ngozi na mbolea, lakini hapati sufu.

Tofauti hiyo ya sufu na nywele ina uzito wake katika maadili. Qurani, katika Sura ya an-Nahl, inataja joto, sufu na manyoya ya mifugo miongoni mwa neema ambazo mwanadamu anatakiwa azikumbuke na kuzishukuru. Kondoo wa nywele hupukutisha manyoya yake mwenyewe na anaweza kuishi bila mkasi wa mtu. Kondoo wa sufu, ambaye mwanadamu amemchagua vizazi kwa vizazi ili sufu yake isikome kukua, asiponyolewa huelemewa na joto, uchafu na wadudu. Kwa kumfanya mnyama amhitaji, mwanadamu amejitwisha wajibu ambao hawezi kuutua kwa kusema kwamba mnyama ni wa Mungu na Mungu atamtunza. Upole nao ni wa namna hiyohiyo. Kondoo alianza kufugwa Magharibi mwa Asia takriban miaka 10,000 iliyopita, na katika muda huo wote wafugaji waliwabakisha walio watulivu na kuwaondoa wakali na wakimbiaji, hata upole, ambao asili yake ni kipawa cha Muumba, ukawa pia matokeo ya mkono wa mwanadamu. Anayenufaika na udhaifu alioshiriki kuujenga hawezi kuutumia kana kwamba aliuokota njiani.

Waswahili wameutazama upole huo kwa heshima. Methali isemayo kwamba kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana inamsifu anayekabili mauti bila makelele, na inatokana na jambo ambalo kila mchinjaji amelishuhudia: mbuzi hulia kwa nguvu anapolazwa, ilhali kondoo hunyamaza. Hata hivyo, methali hiyo inawafundisha watu namna ya kubeba mauti yao wenyewe, na ni kosa kuigeuza iwe hoja dhidi ya mnyama. Kondoo ni kiumbe anayewindwa, na katika maumbile yake anayeonyesha maumivu humvuta adui. Kwa hiyo kimya chake si ridhaa, wala si ushahidi kwamba haumii. Mbuzi anayelia humkumbusha mtu wajibu wake hata kama mtu huyo hataki kukumbushwa, lakini kondoo huuacha wajibu wote mikononi mwa dhamira ya aliye naye. Upole, basi, haupunguzi wajibu wa mfugaji. Unauongeza, kwa kuwa mwenye haki haidai mwenyewe.

Pingamizi dhidi ya uchinjaji si jambo lililoletwa jana na vitabu vya Ulaya. Katika karne ya 10, kundi la wanafalsafa wa Basra lililojiita Ikhwan as-Safa, yaani Ndugu wa Usafi, liliandika kisa kirefu ambamo wanyama wanamshitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, na kondoo dume anapewa nafasi ya kueleza jinsi wana wao wanavyotenganishwa na mama zao ili maziwa yachukuliwe. Katika karne ya 11, mshairi wa Syria Abul-Ala al-Maarri aliacha kula nyama kwa kuwahurumia wanyama, na akaandikiana barua na al-Muayyad fid-Din ash-Shirazi, mlinganiaji mkubwa wa dola ya Fatimiya, ambaye jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba Aliyeruhusu nyama ni mwingi wa huruma kuliko kiumbe yeyote, na mtu hawezi kujifanya mwenye rehema kumzidi Mola wake. Jibu hilo lina nguvu kwa muumini, lakini ni nusu tu ya jibu. Linathibitisha kwamba kuchinja kunaweza kuwa halali. Halithibitishi kwamba kila anayechinja ameitumia vyema ruhusa aliyopewa.

Wakristo, ambao ni sehemu ya jamii ya Likoni, wana kisa cha nabii Nathani katika kitabu cha pili cha Samweli, kinachoingia ndani zaidi ya swali hili. Maskini mmoja alikuwa na mwanakondoo jike mmoja tu, aliyekua pamoja na watoto wake, akila tonge lake na kulala kifuani pake kama binti; tajiri mwenye makundi ya mifugo akamnyang'anya mwanakondoo huyo ili amwandalie mgeni. Anachohukumiwa tajiri katika kisa hicho si kuchinja, kwani mgeni anastahili kukirimiwa. Anahukumiwa kwa sababu alichukua bila huruma, akakatiza uhusiano ambao hakujua thamani yake ili asipunguze mali yake mwenyewe. Kisa hicho kinaonyesha kwamba mnyama yuleyule anaweza kuchinjwa kwa haki au kwa dhuluma, na kinachotenganisha hali hizo mbili ni namna mtu alivyohusiana naye.

Sheria ya Kiislamu, kwa kufuata madhehebu ya Imamu Shafi ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Waswahili, imeujenga uhusiano huo kwa masharti yanayoshikika. Udhuhiya, yaani mnyama anayechinjwa kwa ibada katika Idi Kubwa kuanzia tarehe 10 ya Dhulhija hadi mwisho wa siku tatu zinazofuata, ni sunna iliyokokotezwa. Kondoo anatakiwa awe ametimiza mwaka, wakati mbuzi anatakiwa awe ametimiza miwili. Asiwe chongo aliye dhahiri, wala mgonjwa, wala kiwete, wala aliyekonda hata akaishiwa na uboho. Mtu kuchinja kondoo wake peke yake ni bora kuliko kushiriki sehemu moja ya saba katika ng'ombe au ngamia. Inapendekezwa mwenye mnyama achinje kwa mkono wake, na asipoweza, ahudhurie. Nyama haiuzwi, wala ngozi haiuzwi, wala mchinjaji halipwi kwa sehemu ya mnyama huyo.

Masharti haya yakisomwa pamoja, hekima moja hudhihirika. Kumtaka mtu awe na mnyama wake, achinje mwenyewe au awepo, ni kumnyima nafasi ya kujificha nyuma ya wengine: uhai mmoja unaondoka kwa ajili ya mtu mmoja na nyumba yake, naye anatakiwa alione jambo hilo kwa macho yake. Kumkataza kuuza nyama na ngozi ni kumwambia kwamba kitendo hicho kikigeuzwa biashara kitakuwa kitu kingine. Na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya kisu hakubariki ukatili. Kunakiri, kwa sauti, kwamba uhai unaotolewa haukuwa mali ya anayechinja, na kwamba bila idhini ya Aliyeuumba, mkono wa mchinjaji usingekuwa na haki ya kunyanyua kisu hata juu ya kiumbe mdogo. Qurani yenyewe, katika Sura ya al-Hajj, inaeleza kwamba nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni ucha Mungu wa mja; kwa hiyo anayedhani kwamba ibada imetimia kwa sababu damu imemwagika amekifanya lengo kisichokuwa lengo.

Adabu za kisu zenyewe ni mafunzo ya huruma yaliyopewa sura ya vitendo. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) aliamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na akaamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Kutokana na mafundisho hayo, wanazuoni wamesema kwamba kisu kisinolewe mbele ya mnyama, asichinjwe mwenziwe akiona, asiburutwe kwa mguu, alazwe kwa upole ubavu wa kushoto, na asianze kuchunwa kabla mwili haujatulia. Lakini Imamu Izzud-Din bin Abdis-Salam, mwanazuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, alikwenda mbele zaidi. Katika kitabu chake cha misingi ya hukumu alizihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu, akianza na matumizi: mnyama alishwe na kutunzwa hata akizeeka au kuugua kwa namna ambayo hana faida tena, asitwishwe asichokiweza, asifungiwe pamoja na wanaomdhuru, achinjwe vizuri, na watoto wake wasichinjwe mbele yake. Mpangilio huo unastahili kuzingatiwa. Kisu ni haki moja katika orodha ndefu, nacho hakitangulii.

Hapo ndipo swali la amana linaposhuka kutoka kitabuni hadi zizini. Adui mkubwa wa kondoo katika unyevu wa Pwani ni mnyoo wa tumbo uitwao Haemonchus contortus, unaojibandika kwenye ukuta wa tumbo la nne na kunyonya damu. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu kila siku, na minyoo 1,000 inaweza kumnyonya kondoo takriban mililita 50 za damu kwa siku moja. Kondoo aliyevamiwa halii. Huendelea kula, huwafuata wenzake, hata siku moja uvimbe wa maji uonekane chini ya taya, na mara nyingi wakati huo ameshachelewa. Kipo kipimo ambacho hakihitaji maabara: mfugaji humshika kondoo kichwa, hulikandamiza jicho polepole kwa kidole gumba huku kidole kingine kikiivuta kope ya chini, na kutazama utando wa ndani. Ukiwa mwekundu, damu ipo. Ukiwa wa waridi hafifu, hatari imekaribia. Ukiwa mweupe kama karatasi, mnyama anakufa akiwa amesimama. Watafiti wa Afrika Kusini waliuratibu ujuzi huo katika miaka ya 1990 kwa kutengeneza kadi yenye rangi tano inayoitwa FAMACHA, ili dawa wapewe wanaoihitaji tu na minyoo isije ikazoea dawa.

Kuivuta kope hiyo kila wiki mbili, hasa baada ya mvua za masika, ni tendo dogo lisiloandikwa katika orodha ya ibada. Hata hivyo, kwa mnyama asiyelalamika, kutazama ndiko kusikiliza, na mfugaji anayechinja kwa kisu kikali kondoo ambaye alimwacha apauke kwa miezi ametimiza adabu ya dakika moja baada ya kuvunja haki ya mwaka mzima. Hali ni hiyohiyo kwa anayewaachia kondoo wake watafute riziki jalalani, wakila mabaki ya chakula pamoja na plastiki iliyoyafunga. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, lakini sheria ya nchi haikiondoi kilichokwisha kutapakaa mitaani, na plastiki iliyomezwa na kondoo hukaa tumboni, ikaziba njia ya chakula huku mwenyewe akishangaa kwa nini mnyama anakonda.

Lipo daraja jingine la amana ambalo wanazuoni wa kale hawakulizungumzia kwa urefu, kwa kuwa katika zama zao hatari yake haikuwa kubwa: amana ya mbegu. Kusini mwa Likoni, katika shamba la Diani lililokuwa chini ya kampuni ya Baobab, watafiti waliwafuatilia kondoo waliozaliwa kati ya mwaka 1991 na 1996. Utafiti huo ulisimamiwa na taasisi za kimataifa ambazo mwaka 1994 ziliunganishwa kuwa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi. Waliwalinganisha kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper, mbegu iliyotengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo mweusi wa kichwa mwenye asili ya Somalia. Dorper hukua haraka na huvutia macho sokoni. Lakini katika unyevu wa Diani, wana wa kondoo wekundu walikuwa na mayai machache ya minyoo kinyesini, damu yao ilishuka kidogo, na waliokufa walikuwa wachache zaidi, hata kundi lao kwa jumla likatoa mavuno makubwa kuliko kundi la Dorper. Katika ukame wa Kapiti, kaunti ya Machakos, ambako minyoo ni michache, pengo hilo halikuwa kubwa hivyo. Fadhila ya mbegu ya kienyeji, kwa hiyo, imefungamana na mahali, na Pwani ni mojawapo ya mahali ambapo fadhila hiyo huonekana wazi.

Pamoja na hayo, tangu miaka ya 1970 madume ya Dorper yalisambazwa kwa ruzuku katika maeneo ya wafugaji wa Kenya, bila wafugaji kuelezwa namna ya kuendesha uchanganyaji wa mbegu kwa mpango, na wengi waliendelea kuchanganya hadi kondoo mwekundu asiyechanganywa akawa adimu. Hakuna aliyekusudia ubaya: kila mfugaji alitafuta mwanakondoo mzito zaidi kwa msimu uliofuata. Lakini uvumilivu wa minyoo uliojengeka kwa karne nyingi, kwa vifo vya wanyama wasiohesabika, haurudi kwa kununuliwa ukishapotea, na kizazi kitakachouhitaji hakikuwepo ili kipinge. Anayepoteza amana kwa kutojali huwajibika, hata kama hakuwa na nia ya wizi.

Hapa huibuka hoja inayopendwa na watetezi wa ulaji nyama: kwamba kondoo wasingekuwepo kabisa kama watu wasingewala, na hivyo kisu ndicho kinachowapa uhai. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, kwa kuwa mbegu ya kienyeji isiyoliwa na yeyote itabaki katika vituo vya utafiti tu, na wafugaji wataiacha. Lakini inakosea inapomfanya mnyama mdaiwa. Kondoo hakuomba kuzaliwa, wala hawezi kutia saini mkataba wa kulipa uhai wake kwa nyama. Aliyemleta duniani kwa kuchagua dume na jike ndiye mdaiwa, na deni lake ni maisha yanayostahili: malisho safi, kivuli, tiba ya wakati, na kifo kisicho na hofu. Deni hilo halifutiki kwa kusema kwamba kila kitu kiliumbwa kwa ajili ya mwanadamu, kwa maana katika Sura ya al-An'am Qurani inaeleza kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama binadamu, na kwamba wote watakusanywa kwa Mola wao.

Ni kweli kwamba baada ya hoja zote hizi hubaki uchungu ambao sheria haiuondoi, na si sahihi kuuondoa. Mfugaji ambaye moyo wake hautikisiki hata kidogo anapomlaza kondoo aliyemlea amepoteza kitu ambacho ruhusa ya kuchinja ilikichukulia kuwa kipo. Na anayetikisika hata akaiona ruhusa hiyo kuwa dhambi amejipa cheo kisicho chake. Ibrahimu hakusifiwa kwa kutompenda mwanawe. Alisifiwa kwa sababu alimpenda na akatii, na kondoo aliyeletwa kuwa badala yake ni ukumbusho kwamba dhabihu isiyo na thamani moyoni mwa anayeitoa si dhabihu.

Matokeo ya hoja hii kwa waumini wa Timbwani na bara yote ya Mombasa ni ya kivitendo. Wafugaji wadogo wasioweza kufuga dume kila mmoja wanaweza kushirikiana kumtunza dume mmoja mwekundu asiyechanganywa, na kumbadilisha kila baada ya miaka michache ili asiwapande binti zake. Wanunuzi, ambao kila Idi humtafuta mnyama aliye bora kama walivyohimizwa, wanaweza kuupanua ubora huo kupita uzito na umbo, wakauliza kondoo alilelewa wapi, alikula nini, na kama kope yake ni nyekundu. Na maimamu, ambao katika wiki za kabla ya Idi huzieleza kwa makini aibu zinazobatilisha udhuhiya, wanaweza kueleza kwa makini hiyohiyo haki za mnyama zinazotangulia kisu, kwani umri na uzima wa mnyama, ambavyo ni masharti ya kusihi kwa dhabihu, havipatikani asubuhi ya tarehe 10. Hupatikana kwa matunzo ya kila siku. Muumini atakayeuelewa uhusiano huo atakuwa ameianza ibada yake mwaka mzima kabla ya kuitolea takbira, na mnyama mpole atakuwa amepewa, na yule anayemtegemea, haki ambayo hakuwa na sauti ya kuidai.